Wachezaji Wazito wa Mkahawa wa Bi Mwanahawa

Vijana mliobaki mezani, nimeweka chini dele la kahawa na karata, na magoti yangu yalishukuru kabla ya mtu mwingine yeyote. Mlipoagana nami mlitaka niwaachie maneno mawili matatu kuhusu kazi. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo hayajamsaidia mtu kugawa karata. Nitawaeleza jambo mnalolilalamikia kila siku: mchezaji mzito. Yule mwenye karata tatu mkononi anayezitazama kama mtu anayechagua mke, na wenzake wanatokwa jasho. Nyinyi mnamwita mzigo. Mimi mizigo hiyo ndiyo iliyonilisha tangu enzi za Mjerumani, na nawapenda watu hao, nasema bila kuficha.

Nilifika Arusha kwa miguu, mpagazi katika msafara wa Mhindi mmoja wa duka, kichwani nimebeba robota la vitambaa vya merikani kutoka Moshi. Njiani mwiba uliniingia unyayoni, na tulipofika mguu ulikuwa umevimba, kiatu hakiingii. Si kwamba nilikuwa na kiatu. Msafara ukarudi bila mimi. Mji wenyewe ulikuwa mdogo: boma jeupe lililokuwa bado likinuka chokaa, maduka machache ya mabati, nyumba za Waswahili kuelekea Ngarenaro, na Mlima Meru juu yetu, mara unajionyesha mara umejifunika mawingu. Nilijikokota mpaka baraza ya kwanza yenye kivuli. Ilikuwa ya mkahawa wa Bi Mwanahawa, kando ya njia inayotoka mto Themi kwenda bomani.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane kutoka Pangani, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha punda. Marehemu mumewe aliongoza misafara, na alipofia huku bara yeye hakurudi pwani. Alisema kule wauza kahawa wamejaa tele, na huku yuko peke yake. Alinitazama mguu, akanimiminia kahawa ya tangawizi, akaniuliza, "Karata unazijua?"

"Nazijua, Bibi."

"Na kucheza unapenda?"

"Sana, Bibi."

"Basi hapo ndipo utakapoacha. Nataka mtu wa kugawa. Mwanamume akigawa karata anazocheza mwenyewe, wenzake wote humwona mwizi. Wewe hutacheza kamwe, utagawa tu."

Ndiyo kazi niliyoianza siku ile ile, mguu umefungwa majani na kuwekwa juu ya kinu. Mchezo ulikuwa wahedi na sitini, kama mnavyoucheza hadi leo: watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja ana karata tatu mkononi na anaongezewa moja baada ya kila mzunguko wa kula, mpaka karata ziishe, na jozi inayofika sitini na moja imeshinda. Walioshindwa walilipia kahawa na kashata za meza nzima. Haikuwekwa hata senti mezani. Bi Mwanahawa alikuwa mtu wa swala tano, na alisema kamari ni haramu ila kashata ni chakula. Shehe mmoja aliyepita alitaka kujadiliana naye juu ya tofauti hiyo, akapewa kashata, akaondoka akitafuna.

Karata zetu zilitoka Tanga kwa shida, kwa hiyo pakiti moja ilitumika mpaka mzungu wa nne wa kopa, yule mfalme, akawa hana uso. Bi Mwanahawa alinifundisha kuzipaka unga wa muhogo kidogo sana na kuzipangusa kwa kitambaa kikavu, ziteleze. Ukizidisha unga, wachezaji wanapiga chafya na kila mmoja anaiona karata ya mwenzake. Alinifundisha kugawa kwa kulia, nisimtazame mtu usoni ninapompa karata, na nisiseme neno "haraka" ndani ya baraza ile hata kama nyumba inaungua. Kuhusu mithali za subira mnazijua zote, kwa hiyo nimewapunguzia.

Wazito ni wa aina nyingi, vijana. Yuko mzito wa hesabu, anayekumbuka kila karata iliyopita isipokuwa ile iliyopita sasa hivi. Yuko mzito wa maneno, ambaye akishika karata anakumbuka kisa cha shemeji yake. Yuko mzito wa hofu, ambaye mshirika wake aliwahi kumkaripia siku moja, na tangu siku hiyo kila karata anaitoa na kuirudisha. Huyo mpeni kahawa bila kumwuliza. Na yuko ambaye hamtajua uzito wake umetoka wapi. Ni kwa ajili ya huyo nimeshika kalamu.

Mzee Sanare alikuwa Mwarusha wa Sekei. Alishuka siku za soko na tumbaku yake, akaiuza, kisha akaja kwetu. Mrefu, shuka begani, ndewe za masikio zikining'inia, na fimbo aliyoiegemeza ukutani kwa adabu kama mgeni mwingine wa kukaribishwa. Karata alijifunza kwa wapagazi aliowauzia chakula miaka ya nyuma. Alikaa siku zote kwenye kibao kimoja, kile kinachotazama njia. Mshirika wake alikuwa Sefu, mshona nguo asiye na maneno, ambaye alikuja na kazi yake mkononi, na zamu moja ya Mzee Sanare ilimtosha kupinda kanzu upande mzima.

Waliocheza dhidi yao walikuwa Elia na Fundi Athumani. Elia alikuwa Mmeru muuza ndizi kutoka upande wa Tengeru, aliyebatizwa si zamani, na kila mwinjilisti alipopita alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Fundi Athumani alikuwa seremala, mtu wa pwani, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Alitupa karata kabla hujamaliza kumgawia. Mungu akipenda kuwafurahisha watu, huwakalisha watu wa namna hiyo meza moja.

"Mzee," Athumani alisema, "ng'ombe wako watazaa, watakamuliwa, na wewe bado hujatupa karata!"

"Zikizaa nitakuletea maziwa," alijibu Mzee Sanare. "Ngoja. Hii karata haitaki mbio."

Tulicheka, akatupa karata yake, mchezo ukaendelea. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, na nilimhesabu mzee yule kuwa mzito wa kawaida, mwenye raha zake.

Halafu akaanza kuja kila siku, soko lipo au halipo, na uzito wake ukazidi mpaka ukawa ugonjwa wa meza nzima. Sasa hakuwa akifikiri karata ngumu tu. Alifikiri hata karata ya mwisho, ile moja iliyobaki, ambayo haina nyingine ya kuishindanisha nayo. Aliishika mbele ya uso na kutazama juu yake, kuelekea njiani. Kawaida ya nyumba ilikuwa kwamba mchezo ukiisha, wanne wanawapisha wanaongoja. Waliongoja wakaanza kunung'unika. Nilimwendea Bi Mwanahawa jikoni nikamwambia wateja watatukimbia.

"Wewe unagawa karata au unagawa wateja?" aliniuliza. "Rudi mahali pako. Mtazame mzee anaangalia wapi."

Nilirudi nikatazama, na sikuona kitu ila njia, vumbi na mbuzi.

Alasiri moja karata zangu zilikwisha, kila mmoja akabakiwa na ya mwisho. Ilikuwa zamu ya Mzee Sanare, na akashikilia. Athumani alikuwa na mlango wa mtu wa kumalizia siku ile, na watu wanne walikuwa wamesimama wakingoja meza.

"Mzee, una karata moja!" alisema. "Moja! Unachagua nini?"

"Ngoja."

"Ningoje mpaka izae?"

"Ngoja, Fundi."

Athumani akanyoosha mkono, akamchomolea karata vidoleni na kuibwaga mezani.

Sisi wa pwani hilo kwetu ni utovu wa adabu, mtu anaomba radhi na yameisha. Kwa Waarusha ni zaidi. Kwenye mikutano yao mzee anayesema husimama na fimbo, na mpaka amalize mwenyewe hakuna anayemkata neno, seuze kumnyang'anya kitu mkononi. Hata Elia, ingawa Wameru na Waarusha ni majirani wa kutaniana, alisogeza kibao chake nyuma. Mzee Sanare alisimama, akachukua fimbo ukutani. Niliingia katikati kwa mguu wangu mmoja mzima na ule mwingine. Bi Mwanahawa aliweka dele chini.

Ndipo tuliposikia mnyororo.

Ulikuwa mnyororo wa wafungwa wa bomani, wamefungwa shingo kwa shingo, wakishuka mtoni kuteka maji na madebe matupu mikononi, askari mwenye bunduki nyuma yao. Walipita hapo kila alasiri, na sisi tulikwisha kuzoea mlio ule, ninaona haya kusema hivyo, kama mtu anavyozoea kinu cha jirani. Mzee Sanare aligeuka. Karibu na mwisho wa mnyororo kijana mmoja mrefu aliinamisha kichwa kadiri pete ya shingoni ilivyomruhusu, vile vijana wa Kiarusha wanavyowainamia wazee wao ili waguswe utosini, ndiyo salamu yao. Mzee alinyoosha mkono nje ya ukingo wa baraza, kiganja kimeelekea chini, akauacha hapo hewani. Kati ya kiganja kile na kichwa kile palikuwa na upana wa njia nzima. Kisha wakapita.

Mzee Sanare alirudisha fimbo ukutani, akakaa.

"Ni mtoto yangu," alisema. "Lembris. Alikataa kazi ya barabara, akasukuma mnyapara. Mimi nikisimama njiani, askari ananifukuza. Siku ya kwanza nilisimama, alinifukuza na kitako cha bunduki. Nikikaa hapa na karata, mimi ni mtu ya kahawa. Haniulizi."

Ilikuwa kweli. Mtu aliyesimama bure kando ya njia ile alifukuzwa, na akibisha alibebeshwa mawe. Lakini mwenye karata mkononi alikuwa mteja wa Bi Mwanahawa, na askari wenyewe walikuwa wateja wake. Mchezo ungeisha kabla ya mnyororo kupita, mzee angepisha kibao, na angekosa kumwona mwanawe siku hiyo.

Athumani aliiokota ile karata. Aliipangusa kwenye kanzu yake, pande zote mbili, akampa kwa mikono miwili. "Nimekosa, Mzee wangu. Nisamehe. Zamu bado ni yako."

Mzee Sanare aliipokea, akaitazama tena kidogo, akaitupa. Ilikuwa mbili ya pao, karata isiyoweza kula hata nzi.

Usiku nilimwuliza Bi Mwanahawa kama alijua tangu mwanzo. "Unadhani kile kibao namwekea kwa ajili ya uzuri wake?" alisema.

Tangu siku hiyo meza ile ilikuwa na kazi moja, mchezo usiishe kabla ya mnyororo. Waliokuwa wakingoja walielezwa, wakaacha kungoja, wakakaa chini kwenye mkeka wakanywa kahawa yao. Nami niligawa polepole kama mwenye vidole vya kukodi. Nilichanganya karata, nikasema zimechanganyika vibaya, nikachanganya tena. Sefu hakubadilika, alipinda nguo zake tu. Elia alianza kuomba kabla ya kila karata, macho amefumba, na sijui mchungaji wake angelionaje hilo.

Lakini wa kutazamwa alikuwa Athumani. Mtu mwepesi akijifanya mzito ni kichekesho, hana kipaji. Aliuliza turufu ni ipi, tukamwambia, akauliza tena. Aliangusha karata chini ya meza, akainama kuitafuta, akakaa huko. Mara moja alisema ameingiwa na mchanga jichoni, na Elia alimpuliza jicho lile mpaka likawa jekundu kweli. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda wenyewe mezani, naye akaukamata kwa wa kushoto. Mzee Sanare alimtazama kwa huruma.

"Fundi," alimwambia siku moja, "usijiumize. Fikiria tu."

"Nafikiri nini, Mzee? Karata yenyewe naiona!"

"Angalia tena. Iko kitu hujaona."

Askari mmoja aliyekuja kunywa kahawa alisimama juu yetu akauliza kama mchezo huu huwa unaisha. Bi Mwanahawa alimjibu kwamba kahawa ndiyo huisha, na kwamba yake inapoa. Akaenda kuinywa.

Kisha ikaja alasiri ambayo mnyororo ulipita na Lembris hakuwemo. Mzee Sanare aliutazama wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka nje ya baraza. Aliurudisha polepole akaushika kwa mkono mwingine. Hakuna aliyetupa karata. Kesho yake pia hakuwemo, wala siku zilizofuata. Mmoja alisema kuna wafungwa waliopelekwa kutengeneza njia ya Moshi. Mwingine alisema gerezani mna homa, na Sefu, ambaye sijawahi kumsikia akimkaripia mtu, alimwambia afunge mdomo. Kwenda kuuliza bomani kulikuwa kujitafutia makubwa. Mvua za masika zikaanza, njia ikawa tope, na mzee aliendelea kuteremka kutoka Sekei amejifunika ngozi, akakaa kwenye kibao chake, akashika karata.

Hizo ndizo siku ngumu kuliko zote nilizowahi kugawa. Nilimpenda mzee yule. Mkono ulikuwa unampa karata tu, moja, na nyingine, na nyingine, naye anasema ahsante kwa kila moja. Athumani hakuhitaji tena kujifanya. Alisahau mwenyewe zamu ilipokuwa yake. Mara mbili nilimwona amekaza macho njiani, karata zimemlegea mkononi, tunaziona zote, na hakuna aliyezitumia.

Ilikuwa wakati mvua zinapungua, mchezo uko katikati, turufu shupaza, nami nimetoka kuwagawia. Sefu, aliyekuwa ameipa njia mgongo, alikuwa wa mwisho kujua. Elia alisimama akavua kofia. Mtu alikuwa akipanda kutoka upande wa mtoni peke yake, mrefu, amekonda, anakanyaga tope taratibu kama mtu asiyeamini kwamba hakuna wa mbele wala wa nyuma yake. Shingoni alikuwa na kovu la kuzunguka, jeusi na pana.

Alifika chini ya baraza, akainamisha kichwa. Safari hii kiliinama chote.

Mzee Sanare aliweka karata zake mezani kifudifudi. Akanyoosha mkono, ukafika. Ulikaa juu ya utosi ule, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kutafsiriwa. Athumani alilia waziwazi, kisha akalaumu moshi wa jiko. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba. Bi Mwanahawa alitoka na kahawa, akamwambia kijana, "Panda, mwanangu, ukae. Pole. Pole sana." Watu wakapisha, Lembris akakaa kwenye mkeka nyuma ya baba yake, akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

Mzee Sanare akaokota karata zake tatu.

Sisi wote tulidhani tunajua litakalofuata. Mama wa kijana yuko Sekei hajui kwamba mwanawe amefunguliwa, njia ni ya kupanda, na mnyororo haumhusu mtu tena. Mzee atatupa karata yoyote, aage, aende zake. Elia alikwisha kushika kofia ili amsindikize. Nilikwisha kunyoosha mkono kukusanya.

Mzee Sanare aliitazama karata ya kwanza. Akaitazama ya pili. Akaitazama ya tatu, akarudi kwenye ya kwanza, akainua macho kwa Sefu, akayashusha. Kahawa ya Lembris ilikwisha, akaongezewa. Sefu alitoa sindano yake. Athumani alinitazama, nami nikamtazama Athumani.

Mwishowe Fundi aliinama kuelekea kwenye mkeka akauliza kwa sauti ya chini, "Kijana, samahani. Baba yako siku zote yuko hivi?"

"Siku zote," alisema Lembris. "Akigawa nyama nyumbani, watoto wanalala."

Mzee Sanare hakugeuka. "Ngojeni," alisema. "Naangalia."

Tukangoja, na katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki alasiri nyingine tuliyongoja kwa raha kama ile.